Maneno Madogo Ndani ya Neno Kubwa: Uhakiki wa Mchezo wa Herufi

Katika vitabu vya mazoezi ya shule, na katika kurasa za burudani za magazeti, limo zoezi lijulikanalo na wengi. Mwanafunzi hupewa neno moja refu, akaambiwa aunde maneno madogo mengi kadiri awezavyo kwa herufi za neno lile, na kila herufi aitumie mara zile tu ilizotokea. Ashindaye ni mwenye orodha ndefu. Mchezo huu hauna ubaya wowote. Humzoeza mtoto tahajia, humfungulia kamusi, na humfundisha kulitazama neno kwa utulivu.

Lakini yako mambo mawili ambayo yataka kuhakikiwa. La kwanza ni kwamba mchezo huu umeingia katika Kiswahili pamoja na kanuni zilizokatwa kwa kipimo cha lugha nyingine. La pili, nalo ni zito zaidi, ni kwamba desturi yake imetoka darasani ikaingia katika uhakiki wa fasihi na katika utafutaji wa asili za maneno. Mtu huona neno dogo ndani ya neno kubwa, akahukumu papo hapo kwamba maana ya dogo imo ndani ya maana ya kubwa. Makusudi ya makala haya ni kuuliza: ni lini neno dogo limo kweli ndani ya neno kubwa, na ni lini limeokotwa tu?

Na tuanze kwa kuujaribu mchezo wenyewe. Tuchukue neno *matumaini*. Lina herufi tisa: m mbili, a mbili, i mbili, na t, u, n moja moja. Bila ya kufungua kamusi twaweza kupata *mtu, mti, mtaa, mama, tamu, mia, nia, tai, uta, ini, maini, utani, umati, mtama, inama, umia, tumia, tamani, imani, amani,* na *amini*. Hayo ni maneno ishirini na moja, na msomaji mwenye saburi ataongeza mengine.

Tazama sasa maneno matatu ya mwisho. *Imani, amani,* na *amini* ni ndugu wa tumbo moja: yote yametoka katika mzizi wa Kiarabu wenye hamza, mim na nun. Mwalimu ayaonapo yametoka pamoja katika neno *matumaini*, na maana zake zikiwa karibu na maana ya kutumaini, ni rahisi ajaribiwe kuwaambia wanafunzi wake kwamba tumaini limezaliwa na imani. Mafundisho hayo yaweza kuwa mema kwa mahubiri, lakini si kweli kwa lugha. *Tumaini* nalo limetoka katika Kiarabu, ila kwa mzizi mwingine wenye ta nzito, mim, hamza na nun, na maana yake ya asili ni kutulia na kutua moyo. Herufi zimewakutanisha wageni wawili katika nyumba moja, nasi tumewadhania kuwa ni jamaa.

Tutazame pia maneno yaliyomo ndani ya *matumaini* kwa kufuatana, pasipo kuchanganya herufi. Yamo *tuma, maini, ini,* na *tumaini*. Yote manne yanasomeka kwa utaratibu ule ule wa neno kubwa. Hata hivyo ni moja tu, *tumaini*, lililo na haki ya kuwamo, kwa kuwa tukiliondoa hubaki *ma-*, kiambishi cha ngeli kijulikanacho, na neno lililobaki huendelea kuishi kwa nguvu zake: *tumainia, tumainiwa, tumainisha*. Tukiondoa *maini*, hubaki *matu*, ambalo halifanyi kazi yoyote hapa, na hakuna Mswahili asikiaye habari za maini ya ng'ombe anaposikia neno *matumaini*.

Twafika hapa katika swali ambalo kanuni za mchezo hazikuliuliza: neno ni nini? Katika lugha ya Kiingereza, ambamo mchezo huu umekulia, neno hutengwa kwa urahisi, na kamusi huamua ugomvi. Katika Kiswahili kitenzi kimoja huweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Kwa herufi za *matumaini* twaweza kuandika *natumia*, ambayo ni sentensi kamili. Twaweza kuandika hata *mtuamini*, yaani ninyi mtuamini sisi, kwa herufi nane katika zile tisa. Je, hilo lihesabiwe? Kamusi haina *mtuamini*, nayo haiwezi kuwa nalo, kwa kuwa maneno ya namna hiyo hayana mwisho. Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi za lugha za Kibantu cha mwaka wa 1935, alishikilia kwamba viambishi hivyo na shina ni neno moja lisilotenganishwa, na tahajia yetu imefuata njia hiyo. Basi mwalimu akikubali *mtu* akakataa *mtuamini*, ameuhukumu mchezo kwa kamusi, wala hakuuhukumu kwa lugha. Mwanafunzi aliyeunda *mtuamini* ameonyesha ujuzi mkubwa zaidi wa Kiswahili kuliko yule aliyeokota *mtu*, kwani amepanga kiambishi cha mtenda, kiambishi cha mtendwa na shina, kila kimoja mahali pake.

Tatizo la pili ni la herufi zenyewe. Tahajia ya Kiswahili sanifu haitumii q wala x, na c haiandikwi pasipo h. Sauti zetu kadhaa huandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny. Mchezo wa herufi huzipasua. Kwa neno *nyumba* mtoto ataandika *yumba*, naye atapewa alama. Lakini katika sauti ya neno *nyumba* hamna y. Muna sauti moja tu itokayo kwenye kaakaa, ambayo waandishi wa tahajia waliamua kuiandika hivyo. Neno *umba*, kinyume chake, limo kwa sauti na kwa herufi. Vivyo hivyo mtoto aliyepewa *chakula* ataandika *hula* kwa kuinyang'anya ch h yake, na c ikabaki yatima isiyofaa kitu. Anajifunza hapo jambo la karatasi, wala si jambo la lugha.

Ushahidi wa namna kanuni zilivyokatwa kwa kipimo cha wengine unaonekana wazi katika mchezo wa vipande vya herufi uitwao Scrabble, ambao asili yake ni kazi ya Alfred Butts, msanifu wa majengo wa Marekani, katika miaka ya 1930. Butts alihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi ipewe vipande vingapi na thamani gani. Kwa hiyo katika vipande 100 vya Kiingereza, E ina vipande kumi na viwili na A tisa. K ina kipande kimoja tu chenye thamani ya pointi tano, W ina viwili vya pointi nne, na Z ina kimoja cha pointi kumi. Kwa Mwingereza hesabu hiyo ni ya haki. Mswahili akiketi mbele ya vipande hivyo hawezi kuandika *kuku*, wala *kaka*, wala *kikapu*, wala *mzazi*, isipokuwa atumie kimoja cha vile vipande viwili vitupu. Herufi ambayo kwetu huanza vitenzi-jina vyote na ngeli nzima ya *ki-* imehesabiwa kuwa adimu. Kosa si la Butts, ambaye hakudai kuwatungia Waswahili. Ni la yeyote adhaniye kwamba mchezo wa herufi hauna lugha.

Na tukumbuke kwamba herufi za Kirumi si za kwanza kwetu. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika hati hiyo irabu fupi ni alama ziwekwazo juu au chini ya konsonanti. Katika miswada mingi ya zamani herufi moja ya ba iliweza kusimama mahali pa b, p na mb, msomaji akaamua kwa ujuzi wake. Neno *kitabu* lina herufi sita kwa hati ya Kirumi. Kwa Kiarabu lina nne, nazo ni kaf, ta, alif na ba. Basi orodha ya maneno madogo ingebadilika kwa kubadili hati, hali neno na maana yake vimebaki vile vile. Kitu kibadilikacho kwa kubadili kalamu hakiwezi kuwa msingi wa kuhukumia asili ya neno wala maana yake.

Tuiulize sasa lugha yenyewe: Waswahili, wakicheza na maneno yao pasipo kuazima kanuni za mtu, hukata wapi? Jibu liko katika mchezo wa kale uitwao kinyume. Askofu Edward Steere, katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja uliochapwa London mwaka wa 1870, alitoa habari za usemi huo wa mafumbo, ambao silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mbele. Kwa kanuni hiyo *nyumba* huwa *mbanyu*. Angalia kwamba ny haikupasuka, na mb haikupasuka. Mchezaji wa kinyume, hata kama hajapata kushika kalamu, anajua mpaka wa silabi.

Kinyume huzaa pia maneno halisi. *Kata* hugeuka *taka*; *lima* hugeuka *mali*; *kazi* hugeuka *zika*; *tatu* hugeuka *tuta*; *vuka* hugeuka *kavu*; *mila* hugeuka *lami*. Mshairi akiona kwamba katika *lima* imo *mali*, ana ruhusa ya kufurahi na kulitumia jambo hilo katika beti zake. Hapo ndipo mahali pake. Lakini asije akatuambia kwamba mali, neno lililotoka Kiarabuni, lilizaliwa na jembe la Kibantu. Ushairi una haki ya kuwaoza wasiokuwa jamaa. Isimu haina haki ya kuwaandikia nasaba moja.

Ushahidi wa pili si wa kale hata kidogo. Watu wetu wanapofupisha jina refu liwe dogo, hukata silabi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka wa 1967, ni BAKITA: ba, ki, ta. Chama cha Kiswahili cha Taifa cha Kenya ni CHAKITA, na ch yake haikupasuliwa. Upungufu wa Kinga Mwilini ni UKIMWI, na silabi *mwi* imechukuliwa nzima. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ni TAKUKURU. Ugonjwa wa virusi vya korona, uliotufikia mwaka wa 2020, umeitwa UVIKO. Hata pale herufi moja ilipochukuliwa peke yake, kama T ya Taasisi katika TUKI, iliunganishwa mara moja na irabu ya jirani yake ikawa silabi *tu*. Kinyume chake, jina lililofupishwa kwa herufi tupu, kama CCM, halisomeki kama neno. Husomwa kwa majina ya herufi yaliyotoka katika Kiingereza. Kwa maneno madogo ya kila siku mambo ni yale yale: *chajio* imekatwa katika *chakula cha jioni*, na *chamcha* katika *chakula cha mchana*. Hakuna aliyewafundisha watu kanuni hiyo. Wameifuata kwa sababu silabi iliyo wazi, yenye kumalizikia kwa irabu, ndiyo tofali la lugha yao.

Tukiwa na hayo, twaweza kuligeukia suala la uhakiki wa fasihi, ambamo hasara ya mchezo huu ni kubwa zaidi. Majina katika vitabu vya Shaaban Robert yanajulikana kuwa yamejaa maana, na hiyo ni kweli. *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka wa 1951, kimepewa jina la nchi ambalo ni kitenzi kizima: *sadiki* na kiambishi *-ik-* cha hali ya kutendeka. Ni nchi iwezayo kusadikiwa, na kejeli yote ya kitabu imekaa katika kiambishi hicho kidogo, kwani msomaji huachwa ajiulize kama mambo anayoyasoma yanasadikika au hayasadikiki, na huko kujiuliza ndiko kumfikishako katika nchi yake mwenyewe. *Kufikirika*, kilichochapwa mwaka wa 1967, kimejengwa kwa namna hiyo hiyo. Mhakiki anayekata jina hapo, anakata mahali ambapo mwandishi mwenyewe aliunga.

Sasa mpe jina *Kusadikika* mtu wa mchezo wa herufi. Atatoa *siku*, atatoa *dakika*, atatoa *kisa*, naye hatakosa kutuambia kwamba Shaaban Robert alificha katika jina la nchi ile fumbo la wakati: kisa cha siku na dakika. Hoja itapendeza, na wengine wataiandika katika mitihani. Lakini tazama ajabu hii. Neno *sadaka*, ambalo kwa asili ni ndugu wa kweli wa *sadiki*, kwa kuwa yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wa kusema kweli na kuwa mkweli, haliwezi kuundwa kwa herufi za *Kusadikika*, maana lataka a tatu na jina lina mbili tu. *Dakika*, ambalo halina udugu wowote na *sadiki*, laundika bila ya taabu. Herufi zimemfungia ndugu mlango, zikamfungulia mpita njia. Sijui mfano uonyeshao wazi zaidi kwamba njia hii haifai kuwa shahidi.

Jina *Utubora*, la mhusika wa kitabu *Utubora Mkulima* cha mwaka wa 1968, latufundisha zaidi. *Utu* na *bora* yamo kwa utaratibu, kwa silabi nzima, na kwa maana inayoungana na mwendo wa mtu yule aliyeacha kazi ya mshahara akashika jembe. Imo pia sauti ya *ubora*, lakini ili kuipata ni lazima kuipasua silabi *tu*, na mabaki yake, *ut*, si kitu. Twaweza kusema kwamba sikio lasikia mwangwi wa ubora, na mwangwi una kazi yake katika sanaa. Hatuwezi kusema kwamba jina limeundwa nao. Ama *tabu*, ambayo nayo yaundika kwa herufi za jina lile, haimo hata kwa mwangwi. Mhakiki aliyejenga juu yake hoja ya taabu za Utubora amejenga juu ya mchanga.

Tahadhari hii ina historia yake katika taaluma ya lugha. Ferdinand de Saussure, mwanzilishi mashuhuri wa isimu ya kisasa, baina ya mwaka wa 1906 na 1909 alijaza madaftari mengi akitafuta majina yaliyofichwa katika silabi na sauti za mashairi ya Kilatini. Aliyaona kila alipotazama, na wingi huo ndio uliomtia shaka. Mwaka wa 1909 alimwandikia Giovanni Pascoli, mshairi wa Kiitaliano aliyekuwa akitunga kwa Kilatini, kumwuliza kama mambo hayo hufanywa kwa kusudi. Kisha aliiacha kazi yote, asichapishe hata ukurasa. Madaftari yale yalijulikana kwa watu baadaye sana, na kitabu cha Jean Starobinski juu yake kilitoka mwaka wa 1971. Ukubwa wa Saussure katika jambo hili ni kunyamaza kwake. Aliona kwamba kanuni iwezayo kupata kila kitu mahali popote haijathibitisha kitu chochote.

Wako watakaopinga kwa kusema kwamba watu wenyewe huwa wakikata maneno kwa makosa, na lugha ikakubali. Hoja hii ni ya haki. Silabi *ki* ya *kitabu* haikuwa kiambishi katika Kiarabu. Waswahili waliisikia kama *ki-* yao, wakasema *vitabu*, na leo hakuna awezaye kuwarudisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa *kilabu* na *vilabu*, na kwa *kipilefti* na *vipilefti* vya njia panda. Lakini mifano hii yathibitisha hoja yetu. Watu hawakuokota herufi zilizotawanyika. Walikata silabi ya mwanzo, mahali pa kiambishi, kwa kanuni ya ngeli zao. Na hukumu yao si ya historia ya neno bali ya sarufi yake ya sasa. Mchunguzi ana wajibu wa kuyasema yote mawili kila moja mahali pake: kwa historia *ki-* ya *kitabu* si kiambishi, na kwa sarufi ya leo ni kiambishi.

Pale jamii isipoafikiana, tunabaki na kitendawili. Katika *Kilimanjaro* kila mtu huona *kilima*, na kuona huko ni kwa silabi na kwa utaratibu. Hata hivyo *njaro* imefasiriwa kwa njia nyingi zisizopatana, na jina la udogo, *kilima*, limekaa vibaya juu ya mlima wa mita 5,895. Nusu ya neno ikifahamika na nusu isifahamike, asili ya neno haijapatikana; limepatikana swali tu.

Basi vipimo ninavyovipendekeza ni vitatu, navyo vyataka kutimia pamoja. Kwanza, neno dogo liwemo kwa utaratibu wake, bila ya kuchanganywa. Pili, lisipasue silabi, isipokuwa pale sarufi yenyewe ikatapo, kama katika *sadik-ik-a*, ambapo mpaka wa kiambishi waweza kupita katikati ya silabi. Tatu, kinachobaki baada ya kuliondoa kiwe na kazi inayojulikana katika lugha, na maana ya kubwa ielezeke kwa maana ya sehemu zake. *Maini* ndani ya *matumaini* yapita katika vipimo viwili vya kwanza na kuanguka katika cha tatu. Ndiyo maana viwili havitoshi.

Kwa walimu nasema wasiuache mchezo, bali waugeuze. Ch, sh, ny na wenziwe zihesabiwe kuwa herufi moja moja. Orodha ya herufi ifuatwe na orodha ya pili, ya ndugu wa kweli: mwanafunzi aliyepewa *usomaji* atafute *soma, somo, msomi, kisomo, somesha*, aeleze kila kimoja kimeongezwa nini na kimepunguzwa nini. Apewe *walioniandikia*, alikate vipande, kila kipande akitaje kazi yake. Hapo atajua kwamba uwezo wa lugha yake umo zaidi katika kukuza neno dogo kuliko katika kuvunja neno kubwa. Na siku atakapokuwa mhakiki, akakuta neno limejificha ndani ya jina, hatauliza tu kama herufi zatosha. Atauliza ni nani aliyeliweka humo.